Mwaka Khamsing Alipovaa Manjano

Julai 6

Leo tumemnyoa Khamsing. Mama mkwe ndiye aliyeanza: alikata shungi la kwanza akalipokea kwenye jani la yungiyungi, huku akilia kwa furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Nikafuata mimi na mkasi, kisha binti yetu Phikun, kisha wanakijiji ambao hata jina lake hawalijui. Watawa wakamalizia kwa wembe, hata nyusi. Bila nyusi mume wangu anafanana na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake. Phikun alicheka mpaka nikamfinya.

Huku kwetu mwanaume asiyewahi kuvaa shuka la manjano la mtawa huitwa mbichi, na mama wa mbichi hana pindo la shuka hilo la kushika siku ya kupanda mbinguni. Mama mkwe ameisubiri siku hii tangu mwanawe abaleghe. Lakini sisi ni watu wa njiani. Bembea yetu ya farasi wa mbao haikai mahali zaidi ya sherehe moja, na kila mwaka Khamsing alimwambia, "Mwakani, mama." Mwaka huu kikohozi kimemshika mama yake, akajibu, "Mwakani nitakuwa majivu, mwanangu. Nivalie sasa."

Basi tumeegesha lori nyuma ya hekalu, kando ya mto Songkhram, na mkuu wa hekalu ameturuhusu kulala humo humo. Msimu wa mvua hakuna sherehe popote, kwa hiyo hatukosi kitu. Maisha yangu yote ya ndoa nimekula kwa sherehe za mahekalu. Najua kila hekalu la ukanda huu umeme unavutwa wapi na choo kiko upande gani. Watawa wenyewe sikuwahi kuwauliza hata wanakula saa ngapi.

"Msimu mmoja tu, Mama Phikun," Khamsing aliniambia kabla hajaingia ndani. "Nitarudi hata nywele hazijafunika masikio."

Julai 9

Itikafu ya mvua imeanza. Kuanzia leo watawa hawalali nje ya ua mpaka mvua zikatike.

Alfajiri tulipiga magoti kando ya barabara na kikapu cha wali wa kunata. Khamsing alikuja wa mwisho mstarini kwa kuwa ndiye mgeni wao, miguu peku, akikanyaga kokoto kama kuku juu ya bati la moto. Nilipotia donge la wali kwenye bakuli lake, alinikonyeza.

Mama mkwe aliona. "Usimchafue, Bualai!" alininong'oneza.

Mimi ndiye niliyekonyeza?

Julai 10

Mvua.

Julai 13

Tumepata wa kuzungumza naye. Anaitwa Babu Mtawa Phrom. Alivaa shuka akiwa tayari na wajukuu. Kabla ya hapo alikuwa mnunuzi wa nyati, na bado anamtazama kila mtu kama anayekadiria uzito wake. Mchana huketi barazani. Sisi huketi chini yake, upande wa pili wa mkeka. Mtawa haruhusiwi kukaa na wanawake bila mwanaume kuwapo, kwa hiyo Son, mtunza hekalu, huitwa awe mwanaume. Kazi hiyo anaifanya akiwa amelala usingizi kwenye kiti.

Phikun hana haya hata kidogo. "Babu Mtawa, mnaamka saa ngapi?"

"Kengele inalia saa kumi. Mbwa wakiisikia wanaanza kubweka. Mimi huamshwa na mbwa."

"Halafu?"

"Tunaimba sala. Halafu tunakuja kwenu. Hatuombi, sikiliza vizuri, tunapita. Mkitia, mmetia. Msipotia, tunapita kesho."

"Na mkitiliwa kitu kibaya?"

"Kijiji kizima hiki kinajua sina meno, mjukuu wangu, na kila wiki kuna mtu ananitilia ngozi ya nyati iliyokaushwa. Nadhani ni wale nyati wanalipiza."

Alitueleza siku yao: kufagia, kula mara moja, kusoma, kufagia tena. Baada ya saa sita mchana hakuna chakula, ni chai na subira. Phikun akauliza kuhusu sigara iliyokuwa mkononi mwake.

"Buda hakuwahi kuiona tumbaku," alisema. "Angejuaje kuikataza?"

Mama mkwe alitaka kusikia habari za mwanawe tu. "Na Mtawa Khamsing wangu, anaendeleaje?"

"Anakoroma kwenye sala."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nikamuuliza na mimi, "Babu Mtawa, wewe ulikuja kwa misimu mingapi?"

"Mmoja," akasema. "Nilikuja kwa msimu mmoja, mwaka ule walipojenga daraja la pale."

Daraja la pale limeliwa na kutu.

Julai 16

Mvua. Farasi wa bluu ameota kuvu masikioni.

Julai 21

Miguu ya Khamsing imechubuka vibaya. Nilimchemshia majani nikampelekea mpaka mlangoni pa baraza. Alikuwa na Babu Phrom. Nikanyoosha bakuli, na yeye akatandika kitambaa sakafuni, akashika ncha moja, ili asipokee mkononi mwangu, akangoja. Nikaweka bakuli juu ya kitambaa. Akalivuta.

"Asante, muumini," alisema.

Muumini! Nimelala ubavuni mwa mtu huyu tangu nikiwa na umri unaokaribia wa Phikun. Nimemtapisha alipokula uyoga wa sumu kule Kalasin. Nikamjibu, "Karibu, Kaka Mtawa," kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na sauti yangu ikatoka kama ya mwanamke wa sokoni anayekataa bei. Babu Phrom aligeukia mto akajifanya anahesabu mitumbwi.

Mama mkwe usiku wa leo hakukohoa hata kidogo. Alilala anatabasamu.

Julai 22

Asubuhi mstarini hakunikonyeza. Alitazama chini, kwenye bakuli.

Julai 27

Mvua. Wali umechacha. Phikun anasema anamwota baba yake akiwa na nywele.

Agosti 2

Mazungumzo ya leo nayaandika yote, maana yamenikaa kooni.

Phikun aliuliza kwa nini mtawa hamgusi mwanamke. Babu Phrom alisema mtu aliyeacha pombe hapiti dukani kunusa chupa. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba chupa yenyewe ni mimi.

"Hata mama yake?" Phikun akauliza.

"Hata mama yake."

"Na mama yake akianguka mtoni?"

"Atamrushia kamba."

"Kamba hamna."

"Ubao."

"Ubao hamna, Babu Mtawa! Mto umejaa, mama anazama, anapiga kelele!"

Babu Phrom aliipiga sigara yake chini ikazima. "Basi atajitosa amshike. Akishika awaze kwamba anavuta gogo."

"Gogo!" Phikun akasema. "Bibi, umesikia? Wewe gogo."

"Kuwa gogo la mwanangu si haba," mama mkwe akajibu. "Wengine si hata ukuni."

Jiwe hilo lilirushwa kwangu. Nililiacha lipite. Nimeshajua kwamba msimu huu ni wake. Kila asubuhi huwaambia wanawake wa kijiji, "Yule mwembamba wa mwisho ni wangu." Hasemi tena "wetu."

Agosti 5

Mto umefika kwenye mzizi wa mkuyu. Tumesogeza lori juu kidogo.

Agosti 9

Nilimwona Khamsing akifagia. Zamani akifagia kuzunguka bembea huimba na kupiga mluzi, na nusu ya takataka huzisukumia chini ya lori. Sasa anafagia polepole, hasazi hata jani. Nilisimama nikamtazama mpaka akahisi. Aliinua macho, akaniangalia kama anavyouangalia mti ulio kando ya njia, akaendelea.

Nikaanza kuogopa. Sijui kama ninaogopa kwamba hatarudi au kwamba yuko vizuri zaidi huko.

Agosti 19

Mama mkwe ameanguka.

Ilikuwa saa tisa mchana, mvua ya matone makubwa makubwa. Alikuwa amechemsha tangawizi na sukari kwa ajili ya watawa. Nilimwambia, "Mama, ngoja ipungue." Akaniambia, "Wewe unangoja kila kitu." Akatoka na birika mkononi, kichwani kajifunika mfuko wa plastiki. Ngazi za baraza zina utelezi wa kijani msimu huu. Nilisikia birika kwanza, likigonga ngazi moja moja mpaka chini. Halafu nikamsikia yeye.

Khamsing alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na fagio. Alilitupa akakimbia, na kwa kitambo kile kidogo alikimbia kama mume wangu, yule anayekimbilia bembea mtoto akiteleza. Kisha mama yake akapiga kelele.

"Usiniguse! Usiniguse, mwanangu, utaharibu kila kitu!"

Akasimama. Alisimama ghafla mpaka tope likamrukia magotini. Mama yake alikuwa amelala chini, mguu mmoja umeelekea upande ambao mguu hauelekei, tangawizi ya moto inafuka kwenye mvua karibu na uso wake, na mwanawe amesimama pale juu yake, mikono inaning'inia kama ndoo mbili tupu.

"Kaka Mtawa!" nilimwita. Halafu nikasahau, "Khamsing! Shika upande huo!"

Hakushika. Alirudi nyuma kunipisha.

Tulimwinua mimi na Phikun. Son aliamka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akashika miguu. Mama mkwe alilia kwa maumivu mpaka sauti ikamkauka, lakini kila alipofumbua macho aliyaelekeza kwa mwanawe, na nilichokiona humo kilikuwa fahari. Niseme ukweli, wakati ule niliwachukia wote wawili sawasawa.

Barabara ya wilayani imefunikwa na maji sehemu mbili. Niliendesha lori mwenyewe, Phikun kampakata bibi yake kichwa, farasi wakigongana kule nyuma. Nyonga imevunjika. Daktari ametazama picha, akatazama umri, akasema tungoje.

Agosti 20

Khamsing amefika hospitalini kwa gari la mwanakijiji. Mzazi au mtu wa nyumbani akiugua, mtawa anaruhusiwa kuvunja itikafu kwa wiki moja, asizidishe. Ni wodi ya wanawake. Wauguzi hawakujua wamweke wapi, wakamtafutia kiti cha mbao wakakiweka miguuni pa kitanda, mbali kidogo. Wagonjwa wote walimsujudia. Mwanamke anayeugua nyongo alimletea ndizi zake.

Mimi namwogesha mama mkwe, namgeuza, nabadilisha shuka. Nikifanya hayo, Khamsing hutoka nje. Nikimaliza, huingia akaimba sala.

"Yule ni mwanangu," mama mkwe humwambia kila anayepita.

Agosti 22

Leo nilipokuwa namfuta mgongo alisema, "Una mikono mizito kama ya fundi seremala." Nikamwambia ni farasi wamenifundisha. Akacheka, kikohozi kikamkaba. Kisha akasema, "Mkwe niliyemtaka mimi alikuwa binti wa mwalimu. Angekuwa ameshanitoroka."

Kwa mama mkwe, hayo ni maua.

Agosti 23

Homa. Mapafu yamejaa. Daktari hasemi tena tungoje.

Agosti 24

Nitaandika taratibu.

Kabla ya adhuhuri, Khamsing akiwa nje anakula mlo wake, mama mkwe alinishika kanga akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Mwana wa watu," alisema, "nilisema upuuzi pale kwenye ngazi."

"Upuuzi gani, mama?"

"Kwamba asiniguse. Mwambie anishike mkono."

"Na pindo?"

"Nimemzaa," alisema. "Nimemtoa kamasi kwa mdomo wangu alipokuwa hawezi kupumua. Huko mbinguni wakinirudisha kwa ajili ya mkono mmoja, basi nirudi. Mwambie."

Nilimkuta Khamsing kwenye baraza ya wodi, anasuuza bakuli lake kwa maji ya mvua. Nilikaa mbali kama inavyotakiwa. Mlinzi wa hospitali alikuwa karibu, kwa hiyo mwanaume alikuwepo.

"Kaka Mtawa, mama anaomba umshike mkono."

Maji yakajaa kwenye bakuli lake yakamwagika.

"Yeye mwenyewe alikataa," akasema.

"Sasa anataka."

"Ni homa inayosema."

"Siyo homa. Homa haijui kusema upuuzi vizuri namna ile. Ni yeye."

"Sijui kama inaruhusiwa, muumini. Mkuu yuko mbali. Siwezi kumuuliza."

"Mtu akizama mtoni hushikwa!" nilisema, na mlinzi akageuka. "Babu Phrom alisema mbele yetu sote. Tazama, anazama. Ndiyo hivi mtu huzama kitandani. Waza gogo, waza chochote unachotaka, lakini nenda."

"Nitamwombea," alisema.

Aliingia akakaa kwenye kiti chake. Mama yake alimwona. Alitoa mkono wake kwenye shuka, akauweka kando, kiganja juu, ukingoni kabisa mwa kitanda, upande wake. Hakuwa na pumzi ya kusema. Khamsing akafumba macho akaimba. Sauti yake nzuri, imejengeka msimu huu, wagonjwa wote waliunganisha viganja. Mkono ule ukakaa pale. Ulikaa mpaka nikashindwa kuutazama, nikaenda nikaushika mimi.

Mama mkwe alifumbua macho. Alitazama kwanza ule mkono, kisha macho yakapanda taratibu mpaka usoni kwangu.

"Siyo huu," alisema.

Hakunitukana. Alisema kama mtu aliyeletewa kikombe kisicho chake. Niliendelea kuushika hata hivyo. Alifariki kabla ya saa kumi, na Khamsing alikuwa bado anaimba, hakujua, mpaka Phikun alipomwambia, "Baba, nyamaza."

Agosti 27

Tumemchoma leo. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, moto ulikataa mpaka wakamwagia mafuta ya taa. Khamsing alikaa na watawa wenzake, uzi mweupe wa sala viganjani, na zamu yake ilipofika akaja akaliondoa shuka juu ya jeneza kama mila inavyotaka. Shuka aliligusa.

Wanawake wa kijiji walinizunguka. "Una bahati. Mwanaume mwenye msimamo vile! Alishika mwiko hadi pumzi ya mwisho. Mama yake amekwenda moja kwa moja."

"Naam," nikasema. "Moja kwa moja."

Agosti 30

Mvua.

Septemba 1

Mvua. Phikun hataki kutoka asubuhi kutia wali. Sikumlazimisha. Nilikwenda peke yangu, na Khamsing alipofika mbele yangu nilifunika kikapu. Alipita. Ukitia, umetia, usipotia, atapita kesho.

Septemba 6

Sikukuu ya wafu. Tulifunga wali mtamu kwenye majani ya mgomba kwa ajili ya mama mkwe, tukapeleka hekaluni. Sikutaka kuzungumza na Babu Phrom. Tangu msiba nimekuwa nikimkwepa, kwa sababu niliona maneno yake ya mtoni na gogo yalinipa tumaini la bure. Lakini yeye ndiye aliyeita, akamwamsha Son kwa fimbo, akatuketisha.

"Umekonda," alisema. "Nyati akikonda hivi simnunui."

Nikamuuliza bila kuzunguka. "Babu Mtawa, mtawa akimshika mama yake mkono, mama akiwa anakufa, anafukuzwa?"

"Nani kasema?"

"Ninauliza."

"Hafukuzwi. Ni kosa dogo. Alfajiri, kabla ya sala, unachuchumaa mbele ya mwenzako, unasema nimekosa hivi, yeye anakuuliza umeliona kosa lako, unasema nimeliona, basi. Tunaungama kila siku. Mimi hapa naungama hasira kwa sababu ya mbwa. Haichukui muda wa kuvuta sigara."

"Angejua hilo," nikasema, "angemshika. Alisema hajui. Alisema mkuu yuko mbali."

Niliona Babu Phrom hataki kusema, na niliona atasema.

"Nilimwambia," alisema. "Asubuhi ile anapanda gari. Nilimshika shuka hapa begani nikamwambia: mama akikuomba mkono, mpe, urudi uungame kwangu. Nilimwambia kwa sababu mimi sikumpa mke wangu. Walikuja kuniita nikawaambia niko kwenye itikafu. Nilikuwa na ruhusa ya wiki nzima, na nikakaa hapa nikifagia."

Phikun aliinuka akaondoka bila kusujudu. Sikumwita arudi.

"Kwa hiyo alijua," nikasema.

"Alijua."

Septemba 7

Sina cha kuandika.

Septemba 14

Mto umeanza kurudi. Umeacha samaki waliokufa chini ya lori. Nimewakwangua farasi kuvu, mmoja mmoja. Nimewapaka rangi upya wote isipokuwa wa bluu, rangi ya bluu haikutosha.

Septemba 20

Mkuu wa hekalu amepita karibu na lori, akasimama mbali, akaniambia kwa upole kwamba Mtawa Khamsing ana kipawa cha sauti na kwamba, endapo ataamua kubaki, nisiwe kikwazo. Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa kuzuia. Zamani maneno hayo yangenipasua. Leo niliendelea kupaka mafuta kwenye mhimili.

Septemba 29

Mvua kidogo, ya kusahau.

Oktoba 5

Itikafu imekwisha. Mashua za taa zimeshushwa mtoni, kijiji kizima kiko ukingoni. Phikun alikwenda kutazama. Mimi nilibaki nikihesabu pini za bembea, kwa sababu kesho kutwa tuna sherehe Sakon Nakhon, na mtu akianguka kwenye bembea yangu nitamshika.

Oktoba 6

Amevua shuka.

Nilikuwa nafunga turubai. Nikasikia viatu, si miguu peku, nikageuka. Amevaa suruali yake ya zamani, imemlegea, ameishika kiunoni. Nywele zimeota kama ukungu. Nyusi bado hazijatulia, zimempa uso wa mtu anayeshangaa.

"Nimerudi, Mama Phikun," alisema.

Msimu mzima nilikuwa nimeogopa kwamba neno hili halitasemwa. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumlilia. Sasa lilisemwa, na ndani yangu hakuna kilichoinuka.

"Babu Phrom alikuambia," nikasema. "Kabla hujapanda gari."

Hakujifanya haelewi. Hilo nitampa. Alikaa kwenye ngazi ya lori akajishika kichwa.

"Aliniambia."

"Ukaniambia hujui."

"Niliogopa."

"Kuvunja mwiko?"

"Hapana." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Mwiko ulikuwa mlango tu wa kujifichia. Niliuona ule mkono, Bualai. Ulishakuwa wa mtu mwingine, kucha zimebadilika rangi. Nilijua nikiushika nitalia kwa sauti, mbele ya wodi nzima, na shuka lile mwilini, na wote walikuwa wananitazama kama mtu mkubwa. Sijawahi kutazamwa hivyo. Maisha yangu yote mimi ni mtu wa bembea. Nikasema ngoja kidogo. Nikasema nimalize sala hii kwanza."

Phikun alikuwa amesimama nyuma ya gurudumu. Sijui alikuja saa ngapi. Alimuuliza baba yake, kwa sauti ya mtu mzima ambayo sikuwahi kuisikia, "Na bibi alikuwa anakutazama kama nini?"

Ningeweza, nadhani, kuishi na mtakatifu. Ningemchukia na kumheshimu, na wanawake wa vijiji wangeniletea ndizi. Mwoga pia ningeweza, kwa kuwa mimi mwenyewe naogopa mambo mengi. Lakini huyu aliuchukua woga wake akauvika manjano, akauimbia, na sisi tukaupigia magoti kila asubuhi.

Alifuta uso. Alinyoosha mkono. "Nipe funguo. Nitaendesha. Umechoka."

Mkono ule ulikuwa umenyooka mbele yangu, kiganja juu. Nadhani yeye mwenyewe hakuona unafanana na nini. Funguo nilizitia kifuani.

"Phikun, panda mbele," nikasema.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe panda nyuma."

"Mama Phikun, nyuma hakuna nafasi. Turubai lote limewafunika farasi."

"Panda nyuma, Khamsing."

Alipanda. Tuliondoka hekaluni mchana. Babu Phrom alikuwa barazani. Aliinua mkono wenye sigara. Tulivuka daraja, tukapita mashamba ya mpunga yaliyosimama vizuri, na tulipofika mlimani mvua ikaja. Labda ndiyo ya mwisho ya msimu huu, lakini ilikuja kwa nguvu zote, kioo kikawa cheupe. Nilisikia anagonga bati la kichwa cha lori kwa kiganja, mara moja, halafu tena.

Phikun alinitazama.

Sikusimamisha gari.